Asante, mzee wa Mto Itare

Mzee uliyewafundisha watoto wetu kuvua samaki aina ya trauti kwa chambo cha manyoya kule Mto Itare, ulikataa jina lako litajwe, nami naheshimu hilo. Asante sana. Kabla ya kumpa yeyote fimbo ya kuvulia, uliwaambia wageuze mawe watafute mabuu ya wadudu, maana ndiyo chakula cha trauti, na mengi ya mabuu hayo hayastahimili maji machafu. Sijawahi kuona watoto wametulia namna ile! Ukawaeleza kwamba maji hayo yatoka msitu wa Mau, yaingia Mto Sondu, yatufikia sisi wa Nyakach hadi Ziwa Victoria. Sasa binti yangu amemkataza mjomba wake kuoshea pikipiki mtoni. Mungu akubariki, mzee wetu. Ukipita Sondu, samaki na ugali vipo.