Barua ya wazi kwa Rais wa TFF: Twiga Stars waandikiwe daftari lao

Ndugu Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, na kwa miaka mingi nimewafundisha wasichana mpira na kuwaandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ombi langu linawagusa wanawake wengi ambao hawana njia ya kuufikia mlango wako, na kwa sababu ninaamini ni ombi ambalo ofisi yako inaweza kulitekeleza bila kusubiri uwanja mpya wala mdhamini mkubwa. Ninaomba TFF iandae na kutoa hadharani kumbukumbu kamili ya kila mechi ya kimataifa ambayo Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, imecheza, kuanzia ile ya kwanza kabisa hadi ya juzi, ikiwa na jina la kila mchezaji aliyeingia uwanjani, dakika alizocheza, mabao aliyofunga na kocha aliyekuwa kwenye benchi siku hiyo.

Nimesukumwa na jambo lililompata jirani yangu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Aliichezea Twiga Stars katika ujana wake. Mwaka jana aliomba kazi ya kufundisha michezo katika shule moja binafsi, na kwenye usaili akaulizwa ana uthibitisho gani kwamba aliwahi kuivaa jezi ya taifa. Alikuwa amekwenda na vitu viwili tu. Cha kwanza ni picha ya kikosi iliyopauka, ambamo nusu ya uso wake imezibwa na bega la kipa. Cha pili ni fulana ya mazoezi ambayo namba ya mgongoni ilishabanduka, ikabaki alama ya gundi tu, na ukiiinamisha kwenye mwanga ndipo unaweza kuisoma kuwa ni 14. Aliyekuwa anamsaili aliitazama picha, akaigeuza nyuma kutafuta maandishi, hakuyaona, akamrudishia kwa upole. Kazi hakuipata. Simlaumu aliyemsaili, kwa maana hata mimi, kama simfahamu mtu, ningetaka kuona karatasi. Ninachosikitikia ni kwamba mama huyu alipotoka pale hakuwa na mahali pa kwenda kuiomba karatasi hiyo ambapo angeipata siku hiyohiyo.

Ndugu Rais, mimi nina daftari. Nilianza kuliandika mwaka 2010, Twiga Stars ilipofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika kwa wanawake chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa. Fainali zile zilichezwa Afrika Kusini, na ukurasa wangu wa kwanza una mistari mitatu: tulifungwa 2-1 na wenyeji, tukafungwa 3-2 na Mali, tukafungwa 3-0 na Nigeria. Mechi tatu, mabao matatu tuliyofunga, manane tuliyofungwa, hatukupata pointi. Wapo waliousoma ukurasa huo kwa masikitiko, lakini mimi nimewasomea wanafunzi wangu mara nyingi kwa fahari, kwa sababu timu iliyokuwa inafika pale kwa mara ya kwanza ilitoka na pengo la bao moja tu mbele ya wenyeji, na bao moja tu mbele ya Mali. Kasoro ya ukurasa wangu ni kwamba una matokeo bila watu. Nilikuwa nikisikiliza redio huku naandika kwa haraka, majina mengine nikayapata nusu, mengine nikayakosa kabisa. Matokeo ya mechi hizo ukiyatafuta leo utayapata. Lakini ukitaka kumjua msichana aliyeingia kutoka benchi dakika za mwisho dhidi ya Mali, utaulizia mtu kwa mtu, na kila mtu atakupa jina tofauti.

Kurasa zilizofuata ndizo zinazoniuma zaidi, na ndizo zinazonifanya niamini kwamba kumbukumbu hii ina uzito kuliko tunavyoichukulia. Safari ya fainali za 2012 ilikatishwa na Ethiopia, ya 2014 ikakatishwa na Zambia, ya 2016 na Zimbabwe. Ya 2018 ilikatishwa tena na Zambia, baada ya sare ya 3-3 Dar es Salaam na sare ya 1-1 kwao, hivyo tukatolewa kwa sheria ya bao la ugenini, kwa kuwa wao walifunga matatu kwetu na sisi moja tu kwao, bila kupoteza mechi hata moja kati ya hizo mbili. Fainali za 2020 zilifutwa kwa sababu ya korona. Za 2022 tukazikosa mbele ya Namibia, tena katika mwezi uleule wa Oktoba 2021 ambao timu ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa COSAFA, mashindano ya kanda ya Kusini mwa Afrika. Kwa utaratibu wa mtoano wa nyumbani na ugenini, mechi mbili zikienda vibaya, ndoto ya AFCON, yaani fainali hizo za Afrika, imefungwa kwa miaka miwili. Kuna wasichana walioanza kuitwa kambini baada ya 2010 na wakatundika daluga kabla ya 2023, wakiwa wamelitumikia taifa katika mechi hizo ngumu, na hakuna fainali yoyote ya Afrika itakayowataja. Hawa ndio walioishikilia timu isife. Hawana medali ya AFCON wala picha ya AFCON. Kitu pekee kinachoweza kusema kwamba walikuwepo ni orodha ya waliocheza siku ile Harare, siku ile Lusaka, siku ile Dar es Salaam.

Nisieleweke kana kwamba katika miaka hiyo hapakuwa na furaha. Mwaka 2016 Twiga Stars ilikwenda Jinja, Uganda, ikaifunga Kenya 2-1 katika fainali ya CECAFA, mashindano ya kanda ya Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 2018 ikautetea ubingwa huo Kigali. Mwaka 2019, tukiwa nyumbani Chamazi, Kenya wakalipiza kwa kutufunga 2-0 kwenye fainali, na nakumbuka nilivyorudi Morogoro usiku ule nikiwa na wanafunzi wanne ndani ya basi ambao hawakusema neno mpaka Chalinze. Mwaka 2025 kombe la CECAFA likarudi, safari hii tukilitwaa Dar es Salaam.

Ile COSAFA ya 2021 ningependa niisimulie kidogo, kwa kuwa inaonyesha vizuri shida ninayoisema. Tulikwenda Afrika Kusini kama timu mwalikwa, chini ya kocha Bakari Shime, na fainali tukaifunga Malawi 1-0. Bao lile lilifungwa na Enekia. Ukisoma taarifa za siku zile utaona ameandikwa Enekia Kasonga. Ukisoma za miaka iliyofuata, alipokuwa anacheza soka la kulipwa nje ya nchi, utaona Enekia Lunyamila. Ni mtu mmoja. Opa Clement naye mara huandikwa Opa, mara Opah. Kwetu sisi tunaowafuatilia hakuna utata, ila mtoto atakayetafuta miaka ishirini ijayo anaweza kudhani ni wachezaji wawili, na mabao ya mwanamke mmoja yakagawanywa kwa watu wawili ambao mmoja wao hakuwahi kuzaliwa. TFF ndiyo yenye pasipoti zao, fomu zao za usajili na barua zao za kuitwa kambini. Hakuna taasisi nyingine inayoweza kusema neno la mwisho juu ya jina la mchezaji.

Kisha likaja lile tulilolisubiri. Septemba 2023 tulifungwa 2-0 na Ivory Coast kwao, tukawafunga 2-0 hapa kwetu na kuwatoa kwa matuta. Raundi iliyofuata tukaifunga Togo 3-0 nyumbani, tukafungwa 2-0 Lomé, tukafuzu kwa jumla ya mabao 3-2. Fainali zikachezwa Morocco mwezi Julai 2025. Mali wakatufunga 1-0. Tarehe 11 Julai, mbele ya Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, Opa Clement akafunga kipindi cha kwanza, wao wakasawazisha kipindi cha pili, na mechi ikaisha 1-1. Ghana wakatufunga 4-1 tukarudi nyumbani. Ile sare ndiyo pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya fainali hizi, na ilipatikana dhidi ya taifa lilelile lililotupokea kwa kipigo cha 2-1 mwaka 2010. Niliwaambia wanafunzi wangu waandike tarehe hiyo ndani ya jalada la daftari zao za hesabu. Mmoja akaniuliza, mwalimu, wale waliocheza 2010 walikuwa wanaangalia? Nilimjibu kwamba bila shaka walikuwa wanaangalia. Akauliza, wako wapi? Sikuwa na jibu la kumpa, na tangu siku hiyo barua hii imekuwa kichwani mwangu.

Ninajua ofisi yako ina mambo mengi: ligi, waamuzi, viwanja, timu za vijana. Ninajua pia kwamba soka la wanawake limesogea, na ni haki kulisema. Ligi Kuu ya Wanawake iliyoanza msimu wa 2016/17 imetoa wachezaji ambao leo wanacheza nje ya nchi. Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada na kufika robo fainali. Twiga Stars imefuzu tena fainali za 2026. Kadiri timu inavyocheza zaidi, ndivyo deni la kumbukumbu linavyokua, na ndivyo wachezaji wanavyozidi kuihitaji kwa mambo ya kazi. Aisha Masaka alipojiunga na klabu ya Brighton ya Uingereza mwaka 2024 aliingia katika nchi ambayo idadi ya mechi za timu ya taifa ni miongoni mwa vigezo vinavyopimwa mchezaji wa kigeni anapoombewa kibali cha kucheza. Kwa msichana wa Kitanzania, orodha sahihi ya mechi zake inaweza kuwa ndiyo mkataba wenyewe.

Kuhusu namna ya kuifanya kazi, naomba nitoe maoni yangu kama mtu aliyehangaika nayo kwa kalamu. Taarifa za waamuzi wa mechi za mashindano zipo CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa hiyo sehemu ya kuanzia FIFA na CAF zenyewe zinaweza kuisaidia. Ugumu upo kwenye mechi za kirafiki na mashindano ya zamani ya kanda, ambako itabidi mtu akae maktaba apekue magazeti ya miaka hiyo ukurasa kwa ukurasa, kisha awatafute makocha, mameneja wa timu na wachezaji wenyewe wakiwa bado na kumbukumbu njema. Magazeti yatasubiri kidogo, watu hawasubiri. Vijana wawili wanaosomea utunzaji wa nyaraka, wakipewa meza pale Karume, Ilala, kwenye ofisi zenu, na barua ya utambulisho yenye muhuri wako, wangeimaliza sehemu kubwa ya kazi hii.

Iko pia hesabu ya Zanzibar, ambayo naomba isirukwe. Mashindano ya kwanza ya wanawake ya CECAFA yalifanyika Zanzibar mwaka 1986 na wenyeji ndio waliotwaa ubingwa, halafu ikapita miaka thelathini kabla mashindano hayo hayajafanyika tena. Najua Zanzibar ina shirikisho lake na huingia CECAFA kwa jina lake, na sitaki kuwachanganyia wenzetu historia yao. Lakini wanawake wale wa 1986 ni mama zetu katika mchezo huu, na ingekuwa vizuri TFF ikakaa na wenzao wa Unguja wakakubaliana jinsi ya kuwaandika, iwe katika daftari moja au katika madaftari mawili yanayosomana.

Kumbukumbu ikishakamilika, naomba iwekwe kwenye tovuti ya shirikisho ili mtu yeyote aisome, na kila mwanamke aliyecheza hata dakika moja apewe cheti chenye namba, kinachotaja mechi zake na saini yako. Kwa walio hai wapewe mkononi, kwa waliotangulia mbele ya haki wapewe watoto wao.

Nakala ya daftari langu nitaileta mwenyewe Ilala wakati wa likizo ya Juni. Lina kurasa 62, na mahali nilipokosa jina la mchezaji nimeweka mstari kwa penseli ya rangi nyekundu ili anayejua aweze kujaza. Jirani yangu ameshajaza mistari mitano, mmoja wao ukiwa na jina lake.

Wako katika michezo,
Mwalimu wa michezo, Morogoro