Kile kiberiti cha kamba pale dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa kamba kwenye nondo za duka la jirani yetu hapa Kirumba. Kaka yangu anaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili, huu ni mwaka wa 11. Asubuhi anaamka vizuri, anakunywa chai, tunapiga stori. Tukielekea soko la Mwaloni, akifika usawa wa lile duka shingo inageuka yenyewe. Mteja akiwasha sigara tu, mkono wa kaka unaingia mfukoni, na anajua fika hana hata mia. Hapo maongezi yamekwisha. Arosto, ile hamu kali ya sigara, imempanda.

Watu huniambia, "Mwache, ndiyo starehe iliyombakia." Wengine husema ni kichaa chake. Mbona muuza maji wa pale, mwenye akili zake timamu, naye moshi ukimpita anapapasa mifuko? Nikotini, kile kilevi cha ndani ya sigara, hufika ubongoni kwa sekunde kama 10 tangu pafu la kwanza, na ubongo hauchelewi kujifunza kwamba mlio wa kiberiti na harufu ya moshi vinaileta. Tofauti ni kwamba wenye skizofrenia huvuta zaidi kuliko watu wengine, na kuacha huwawia vigumu zaidi.

Nasi tunachochea. Kaka akibeba magunia ya dagaa, wapo wanaomlipa fegi mbili, eti akipewa hela ataipoteza. Wenzake waliobeba mzigo uleule wanalipwa taslimu! Lakini nisiwanyooshee wao tu kidole. Kwa muda mrefu mama alikuwa akimbembeleza, "Meza dawa baba, nikupe ya sigara." Dawa ilimezwa kweli. Sasa kaka akisikia vidonge vinacheza ndani ya kikopo, kabla hajafikishiwa maji, anauliza sigara iko wapi.

Lililonisukuma kuandika ni la kliniki. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutuuliza anavuta ngapi kwa siku. Kumbe lina uzito. Moshi wa sigara, siyo nikotini yenyewe, hulifanya ini livunje haraka baadhi ya dawa za maradhi haya, ikiwemo olanzapini anayotumia kaka. Mwaka juzi aligongwa na bodaboda akalazwa wiki tatu, mguu juu, hakuna kuvuta. Dozi ileile ikawa inamzidi: analala mchana kutwa, ukimwinua anapepesuka. Tukasema ni maumivu. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza, "Huyu alikuwa anavuta?" Dozi ikapunguzwa, siku chache baadaye akaanza kututania.

Kwa hiyo wauguzi, naomba idadi ya sigara iandikwe kwenye daftari la kliniki kila tunapokuja, kama mnavyoandika uzito. Na mtu wa namna hii akitaka kuacha asiachwe apambane peke yake wala asifiche, maana dozi itahitaji kuangaliwa upya. Hofu kwamba dawa za kusaidia kuacha zitamvuruga akili nayo ipungue. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2016, wenye washiriki zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wakiwa na historia ya maradhi ya akili, haukuona kwamba vareniklini, bupropioni au plasta ya nikotini inazidisha matatizo hayo kuliko kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Ila hizo dawa zenyewe, kwa mfuko wa mtu wa Kirumba, ni barua nyingine.

Mwenye duka nilimwendea. Alicheka kwanza, kisha akakikata kile kiberiti na kukiweka chini ya kaunta. Zipo siku kaka anapita pale anasalimia tu na safari inaendelea. Zipo nyingine anasimama, anaitazama ile kamba iliyobaki, anamuuliza mwenye duka nani kaiba kiberiti chake.

Dada wa mgonjwa,
Kirumba, Mwanza