Urusi si ya Warusi peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Juzi kwenye kijiwe cha kahawa hapa Majengo, Dodoma, kijana mmoja alisema Urusi ni nchi ya Warusi watupu. Nimefundisha historia miaka mingi. Kahawa ilinipoa mkononi.

Watatari, watu wa jamii ya Kituruki waishio Urusi, walikuwa na dola yao Kazan kabla Ivan wa Nne, mtawala wa Urusi, hajauteka mji huo mwaka 1552. Zamani zaidi, watawala wa Kirusi ndio waliokuwa wakipeleka kodi kwa makhani, yaani watawala wa Kimongolia na Kitatari. Hata neno la Kirusi la fedha, dengi, limetoka kwenye lugha za jamii hiyo ya Kituruki, ndugu yake tenge, sarafu ya Kazakhstan. Nilimwonyesha kijana noti yangu ya elfu moja: nasi tunaiita hela, kutoka heller ya Mjerumani. Aliigeuzageuza, kimya.

Lakini tusiipambe historia hii. Mei 1944 Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, aliwahamisha Watatari wa rasi ya Crimea kwa nguvu, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wazee na watoto, wengi wakafia njiani na ugenini. Hilo nalo vijana walijue.

Tutengee hata nusu ukurasa wa historia kwa wiki, Mhariri. Pale kijiweni nakala moja hupokezanwa hadi inachakaa.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma