Fulana zetu za "Ndoo Amu"

Mhariri,

Juzi mpwa wangu alikuwa anawapitisha wageni Usita wa Mui, ile njia kuu ya hapa Lamu, mmoja akamuuliza hiyo Mui ni nini. Kijana hajui! Akajibu eti labda ni jina la mzee fulani wa zamani. Mimi niko barazani nasikia, haya zikanishika, manake mui kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, ni mji tu, na nyanyake mpaka leo hasemi mji, anasema mui, nchi kwake ni nti na jicho ni ito. Lakini kijana huyo huyo Kiitaliano anakitiririsha, kajifunza kwa wageni hapo hapo gatini, bila darasa. Kwani kwa nini? Kinamlipa.

Sasa wanaosema lugha za wazee zitaokolewa na semina mimi siko nao. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ishasema serikali ikuze lugha za kienyeji, sawa, ila lugha isiyoleta kitoweo nyumbani mtoto haishiki. Tazama ndugu zetu Waaweer, hawa wanaoitwa Waboni, watu wa asali toka enzi, lakini asali ya msituni ikifika dukani utaona lebo Kiingereza mwanzo mwisho, hata neno moja la Kiaweer hakuna, na wanaoisema hiyo lugha washabaki wachache. Wangefunga wenyewe, wakauza kwa majina yao, nani angekataa kununua? Huko New Zealand 2022 kampuni ya chokoleti Whittaker's iliandika Miraka Kirīmi kwenye karatasi yake, yaani Creamy Milk, Kimaori hicho, lugha ya wenyeji wa asili wa huko, wako walionuna, lakini Wamaori walishaanza na chekechea zao za kohanga reo, za kulea watoto kwa Kimaori, tangu 1982, wakahangaika mpaka muuza chokoleti naye akaona hapa pana soko.

Na sisi tukasema tujaribu. Mimi na mpwa tukachanga tukaagiza fulana 20 za kuuza msimu wa Maulidi, maandishi "Ndoo Amu", basi. Fundi wa kuchapa nilimtumia kwa simu, herufi kubwa kabisa, asibabaike. Jana zimeshuka na boti, kufungua furushi, zote 20 zimeandikwa "Njoo Lamu". Nampigia, ananiambia mzee mlikuwa mmekosea speling, nikawarekebishia, na hiyo wala sikuwachaji.

Mzee wa barazani,
Lamu