Kwa Nini Tunapima Umeme wa Retina Kabla ya Kumtoa Mbwa Mtoto wa Jicho

Wateja wengi wanaotuletea mbwa mwenye mtoto wa jicho huuliza, tena kwa haki, kwa nini hatumwingizi moja kwa moja chumba cha upasuaji, ilhali weupe uliotanda kwenye mboni unaonekana wazi. Sababu ni kwamba weupe huo unatuzuia na sisi: mbwa haoni nje, nasi hatuoni ndani, na huko nyuma ya lenzi ndiko iliko retina, yaani utando unaopokea mwanga, ambayo ikiwa imekwisha kufa, lenzi mpya haitamfaa kitu.

Retina hutoa umeme kila inapopigwa na mwanga. Frithiof Holmgren wa Uppsala, Sweden, aliligundua jambo hilo mwaka 1865 katika jicho la chura, na kipimo chetu, kiitwacho elektroretinogramu, ni kitukuu cha jaribio lile. Mbwa hutiwa matone ya kupanua mboni, hupewa dawa ya kumtuliza, kisha hukaa gizani takriban dakika 20 ili seli zinazoonea usiku ziamke. Kwa msaada wa taa nyekundu hafifu tu, tunamvika jichoni lenzi nyembamba yenye waya, na kumchoma sindano mbili ndogo za waya, si za dawa, chini ya ngozi, moja karibu na pembe ya jicho na nyingine kichwani. Mwanga humulika mara moja, na mstari kwenye skrini huzama kidogo kabla ya kupanda. Kule kuzama hutoka kwenye seli zinazopokea mwanga. Kupanda kunakofuata hutoka hasa kwenye seli zinazopokezwa ujumbe na hizo za kwanza. Umeme wenyewe hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, kwa hiyo mbwa akitikisa sikio tu, mchoro huvurugika.

Mstari ukilala bapa, hatupasui, ingawa tunajua si habari njema kwa mtu aliyekwisha kujipanga kwa gharama. Mboni kusinyaa kwa tochi si ushahidi wa kutosha, kwani hata mbwa kipofu mboni yake huweza kusinyaa. Tena mstari mzuri unathibitisha kwamba retina inafanya kazi, si kwamba neva ya jicho na ubongo navyo ni vizima.

Siku ya kipimo mbwa asile tangu usiku. Maji hayana neno. Mwenye kisukari, na hao tunawapata sana, asinyimwe chakula kabla hujazungumza nasi, kwa sababu dozi yake ya insulini ya asubuhi ni lazima ipangwe upya.