Alimwita baba yake aje kuikagua mashua niliyomnunulia mimi

Shikamoo Shangazi,

Sasa hivi ni saa 10 alfajiri na sijapata usingizi hata wa kuibia. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa hiyo ukiona haina kichwa wala miguu, nivumilie.

Ni ile habari ya mashua. Ya mtoto wa mke wangu, ninayemlea. Wengi wameshaisikia na kila mmoja ana lake la kusema, ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nimeumia wapi. Nimeumia hapa: alimwita baba yake.

Niseme mapema kwamba sina kinyongo na yule bwana aliyemzaa. Damu haifutiki, na sijawahi hata siku moja kumzuia mtoto kwenda kwake. Nilimkuta ana miaka 4, sasa ana 16. Homa zake zote nazijua mimi. Meno yake ya mwanzo kung'oka niliyatoa mimi kwa uzi. Lakini hayo tuyaache, sikuandika kwa ajili ya hayo.

Mashua yenyewe ni ya mbao, ya kuvulia, kuukuu, na ina mashine ya petroli ya kufunga nyuma. Ilikuwa imekaa nchi kavu muda mrefu bila kufunikwa, mvua yake, jua lake. Mwenyewe alitaka tu kuiondoa machoni. Pesa niliyotoa haifiki hata ya mashine mpya peke yake, ndiyo maana watu wanasema nimenunua kuni. Wanaosema hivyo hawajui kitu. Mtoto wa miaka 16 ukimpa chombo kipya unamharibu. Kikuukuu kinamfundisha. Anajifunza kutia kalafati, kuziba maungio ya mbao kwa pamba. Anajifunza kuchanganya petroli na oili (mashine yetu inataka petroli lita 50 kwa oili lita 1, nilimwandikia kwa rangi kwenye dumu asije akakosea). Anajifunza kutazama ule mchirizi wa maji unaotoka kwenye mashine, kwamba ukikatika azime hapohapo kabla mashine haijachemka ikakwama. Kipya kingemfundisha nini? Kujidai.

Tena sikununua kama kipofu. Niligonga mbao moja moja, omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Nilikagua mataruma, zile mbavu za ndani. Nilifungua oili ya gia nikaiona safi, maana ikiwa nyeupe kama maziwa ujue maji yameshaingia. Jaketi la kuokolea nililinunua kabla hata ya kamba ya nanga. Nikamwekea na ile kamba nyekundu ya kufunga mkononi, ukianguka majini inachomoka na mashine inazima yenyewe, usije ukaachwa unaogelea huku chombo kinazunguka peke yake. Nikamfundisha kugawa petroli mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la kutoguswa. Sasa mtu kama huyo, Shangazi, unaweza kusema hajali?

Siku ya kuishusha ndipo mambo yalipoharibika, na sijui hata kama yaliharibika kwa sababu ya kosa au kwa sababu ya kicheko. Chombo cha mbao kikikaa kavu, mbao husinyaa na maungio huachia. Siku ya kwanza majini lazima kivuje. Unakiacha siku mbili tatu huku unafua maji, unayachota na kuyamwaga nje, mbao zinakunywa, zinavimba, zinajiziba. Huo si ubovu, kila fundi anaujua. Mtoto hakuujua, na mimi nilisahau kumwambia. Maji yalipoanza kupanda kwenye ngama, kule chini ndani ya chombo, aliruka na kopo akawa anafua kama chombo kinazama, macho yamemtoka, na mimi nikacheka. Nakiri nilicheka. Haikuwa dharau. Ilikuwa furaha, nilikuwa nimeisubiri siku ile kuliko yeye. Tatizo rafiki zake wawili walikuwa wamesimama pale. Aliniangalia mara moja, akainama, akaendelea kufua.

Kesho yake jioni nikakuta maji yamekupwa, mashua imekaa mchangani, na nyuma yake amechuchumaa yule bwana na kisu mkononi. Mtoto amemshikia tochi. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mke wangu alijua, mimi sikujua.

Yule bwana hakuyatazama hata maungio. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa tezi, ule unaobeba mashine, kona ya chini kushoto, akachoma. Kisu kikaingia kama kwenye mkate. Akakizungusha, ukatoka unga wa kahawia wenye umajimaji, akauchukua akauweka kwenye kiganja cha mtoto. Hakusema neno. Angesema neno ningemjibu.

Mtoto ndiye aliyesema. "Baba, kwa hiyo mashine ingeweza kung'oka tukiwa huko nje?"

Nikafungua mdomo kujibu, maana mimi pia ananiita baba. Kumbe hakuwa akiniuliza mimi.

Tangu siku ile, kila nikizunguka narudi hapohapo. Ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani, wahenga walisema, basi ngama yangu ndiyo hiyo. Kwa nini asiniambie mimi kwanza? Angesema tu, naiogopa hii mashua, ningekaa naye tukaipekua ubao kwa ubao. Mimi ndiye niliyenunua! Amepita juu ya kichwa changu, ndani ya nyumba yangu, akamwita mtu ambaye katika hiyo mashua hana hata msumari mmoja.

Na kuoza kwenyewe si kosa la mtu. Maji ya mvua ndiyo maadui wa mbao, ya chumvi yana nafuu. Yanaingia kwenye matundu ya bolti za mashine, yanakaa humo, ubao unaoza kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Yeyote angeweza kupitwa.

Ila mimi sikupitwa, Shangazi. Kwa kuwa hunioni uso, nitasema. Siku ya kununua niliibonyeza kona ile kwa kidole gumba ikabonyea. Mwenye mashua aliniona. Akatazama pembeni, akashusha bei, nikatoa pesa. Nilipanga kubadilisha ubao mwezi unaofuata. Kwa wakati ule nikapitisha rangi mara mbili, mtoto asije akaiona ikamvunja moyo siku yake. Nia yangu haikuwa mbaya. Tungeanza kwa makasia tu, karibu karibu, na mashine ningeifunga ubao ukishabadilishwa. Kusema kweli ilikuwa imeshafungwa. Lakini nisingemruhusu aende mbali, sijui ni kweli nisingemruhusu, alikuwa ameshika ule usukani wa mashine kama mtu mzima na mimi nilitaka sana nimuone akiondoka. Je, hilo nimwambie? Au likae kwangu, kwa kuwa limeshapita na hakuna aliyeumia?

Mke wangu anasema, "Mwache baba yake aitengeneze, si ana zana." Kwamba mimi sina zana! Yule bwana ameshapata ubao wa mbao ngumu na bolti zisizoshika kutu, amesema Jumamosi atakuja wautoe ule mbovu, yeye na mtoto. Ametuma ujumbe, wa adabu kabisa, anauliza kama nina pingamizi. Huo ujumbe nimeusoma usiku kucha. Nikikataa, mimi ndiye niliyempa mtoto chombo kibovu na sasa nazuia kisitengenezwe. Nikikubali, Jumamosi jioni mashua itakuwa yake yule. Atakuwa ameinunua kwa ubao mmoja.

Kwa hiyo nimeamua kuiuza. Kuna kijana ameshaulizia bei. Hakuuliza habari za tezi, na nimejikuta natazama pembeni, nikaona aibu, nikamwambia arudi wiki ijayo. Nikimwambia ukweli hataitaka. Nisipomwambia, basi najua mimi ni mtu wa namna gani. Halafu jana hiyohiyo nimenunua pamba ya kalafati na kopo zima la rangi ya bluu, rangi anayoipenda mtoto, kwa hiyo usiniulize ninataka nini.

Kuna jambo moja zaidi, na nadhani ndilo linaloninyima usingizi. Juzi nilimkuta peke yake nyuma ya mashua, anakwangua pale konani kwa kucha. Juu rangi yangu, mpya. Chini yake rangi ya zamani. Kisha akasogea upande wa kulia akakwangua na huko. Huko sikupaka. Alikaa akitazama pande zote mbili, akapangusa kucha kwenye suruali. Nikamwambia giza linaingia, twende nyumbani. Akasema, "Tangulia, baba."

Hajauliza chochote hadi leo. Anakula, anasalimia, anaosha vyombo vyake. Mama yake anasema mbona mtoto yuko sawa.

Niambie basi, Jumamosi niwepo au nijifanye nina safari? Zana zangu ziko ndani ya mashua, kwenye kisanduku cha omo, na sitaki mtu azishike. Au wazitumie tu. Patasi nimeinoa jana usiku, sijui kwa nini.

Ni mimi, mwenye mashua