Barua ya wazi kwa Afisa Mifugo: tusiwaite tasa kwanza

Kwako Afisa Mifugo wetu hapa Tanga, shikamoo.

Mi ni mfugaji mdogo wa nguruwe huku Pongwe, nina majike sita na dume moja. Naandika hadharani badala ya kuja ofisini kwa sababu najua wenzangu wengi wana shida hii hii na wanaimalizia kwa kisu. Mtamba anapandwa hashiki mimba, anarudi joto, yaani anataka dume tena, anapandwa tena anarudi tena, mwisho jirani anakwambia huyo tasa peleka buchani.

Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo. Mtamba nilimnunua upande wa Korogwe, akapakiwa kwenye kirikuu saa sita mchana mwezi wa pili, na jua la kaskazi huku pwani unalijua, kabanwa na wenzie asiowajua wanang'atana masikio njia nzima, kafika anahema mdomo wazi. Na mi kwa kutokujua nikamwingiza siku ile ile kwenye banda la majike wakubwa, juu bati tupu, wakampiga usiku kucha. Basi joto lake halikueleweka tena, mara siku moja, mara linapita hata sijaliona. Nikamchinjisha. Nikamwomba mchinjaji anionyeshe kizazi, ovari moja, pale mayai yanapokaa, ilikuwa na vifuko vitatu vya maji vimevimba kama ndimu changa, wakati kifuko cha yai lililo tayari kutoka ni cha milimita 7 au 8 hivi. Niliumia sana kwa kweli. Mayai alikuwa nayo, hayakutoka tu.

Siwezi kuapa kwamba ni ile safari iliyomharibu, ila nilivyoanza kuuliza na kusoma nikaelewa jinsi inavyowezekana. Nguruwe akiwa na stresi, ubongo unaamsha tezi zilizokaa juu ya figo, zinamwaga homoni inaitwa kotisoli. Ikipanda kidogo ikashuka, haina neno, tena mtamba aliyekaribia kupevuka ukimhamisha kidogo na kumsogezea dume anaweza akaingia joto mapema, hilo wafugaji wa zamani wanalijua. Shida ni ikipanda ikakaa juu siku nyingi. Hapo inabana ubongo usitoe ile homoni nyingine, LH, ambayo yai linaisubiri. Maana yai la nguruwe limelala kwenye kifuko chake halijamaliza kukomaa, linangoja LH ipande kwa nguvu ndipo liamke, ligawanyike, litupe nusu ya kromosomu zake, zile nyuzi zinazobeba urithi, kazi ya kama saa 40 hivi ndipo litoke. LH ikija dhaifu au ikichelewa, yai linatoka limechelewa na mbegu za dume zimeshachoka, au halitoki kabisa na kifuko kinaendelea kujaa maji. Na maabara wameshajaribu, wakachukua mayai ya nguruwe wakayakuza kwenye chombo chenye kotisoli, machache zaidi ndiyo yakakomaa. Yaani yai lenyewe nalo linaguswa, sio ubongo peke yake.

Sasa ongeza joto la jua la Tanga. Nguruwe hana jasho la kumpoza kama sisi, na bati saa nane mchana ni tanuri.

Semina tunazopata nyingi ni za homa ya nguruwe, na ni haki yake kwa sababu ule ugonjwa hauna tiba. Ila naomba mkuu, mkija tena mtenge hata saa moja ya hili. Mtu afundishwe mtamba mgeni apewe chumba chake apumzike, asichanganywe na wengine karibu na joto wala wiki zile za mwanzo baada ya kupandwa, aandike tarehe ya joto ahesabu siku 21 aangalie kama limerudi, makuti yapandishwe juu ya bati, maji yasikauke. Na jambo la vibali vya kusafirisha mifugo ndio naliomba kwa nguvu zote, kibali kiandikwe kabisa kwamba nguruwe wa kuzalisha wasafirishwe usiku au alfajiri, kwa sababu dereva hakusikii wewe mnunuzi, anasikia karatasi yenye mhuri.

Nilimnunua mwingine mwezi wa saba. Nikamleta alfajiri, nikamweka peke yake wiki tatu, dume anamsikia ng'ambo ya ukuta tu. Joto la kwanza nikaliacha, la pili akapandwa, siku ya 114 akazaa tisa. Ni mmoja tu, najua, sio ushahidi wa kitaalamu. Ndiyo maana nakuomba ututume bwana mifugo aje na daftari, tuhesabu kwa wafugaji wa Pongwe na Muheza ni majike wangapi wanachinjwa kwa jina la utasa, na waliishije zile wiki chache kabla. Mi daftari langu liko tayari.

Mfugaji wako,
Pongwe